Je, Wajua? Barakoa Iliyokatwa Kwenye Kizibao

Je, wajua kwamba The Lone Ranger, yule kaoboi wa barakoa, alianza bila sura? Alizaliwa redioni, mjini Detroit, mwaka 1933. Kwa miaka 16 watu walimjua zaidi kwa sauti na kwa muziki wa Rossini wa Italia, hadi kituo cha ABC kilipomtia kwenye televisheni mwaka 1949. Kisa chake ni hiki: askari sita wa Texas wanavamiwa korongoni na genge la Cavendish, watano wanakufa. Tonto, mwenyeji asilia wa Amerika, anamwokoa wa sita, ambaye ndiye Lone Ranger, kisha anachimba makaburi sita, moja tupu, ili majambazi waamini hakusalimika mtu. Barakoa inakatwa kwenye kizibao cha kaka yake Lone Ranger, aliyeuawa siku ileile. Tangu nilipolijua hilo, kile kitambaa cheusi nakiona kama nguo ya msiba.

Tonto alichezwa na Jay Silverheels, Mmohawk wa Six Nations, Ontario, Kanada. Wakati ambapo wenyeji asilia wa Amerika waliigizwa mara nyingi na wazungu waliopakwa rangi, yeye alikuwa mwenyeji kweli. Lakini aliandikiwa Kiingereza cha kuungaunga, na jina lenyewe kwa Kihispania ni "mpumbavu", hata watafsiri wa lugha hiyo wakalibadili kuwa Toro, yaani fahali. Inauma. Miaka ya 1960 Silverheels alisaidia kuanzisha mafunzo ya uigizaji kwa vijana wa jamii za wenyeji, na kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote.

Stelingi mwenyewe, Clayton Moore, alizeeka na barakoa yake, akiivaa kwenye sherehe na kutembelea watoto. Mwaka 1979 wenye haki za mhusika huyo walipata amri ya mahakama kumzuia asiivae hadharani. Akavaa miwani ya jua inayozunguka uso, akaendelea na ziara zake. Mwaka 1984 akaruhusiwa tena.

Je, wajua kwamba Steve McQueen, katika tamthilia ya kaoboi Wanted: Dead or Alive (1958–1961), alivaa risasi zisizoingia kwenye bunduki yake? Bunduki ilikuwa Winchester ya 1892, imekatwa mtutu na kitako ili ining'inie kiunoni. Risasi zake halali zilionekana ndogo mno kwenye picha, basi mkanda ukajazwa nyingine nene zaidi.

Naye Chuck Connors wa tamthilia ya kaoboi The Rifleman alikuwa amecheza besiboli na mpira wa kikapu katika ligi kuu za Marekani kabla ya kushika bunduki.

Upande wa wapelelezi, tamthilia ya Dragnet ya Jack Webb ilichota visa kwenye majalada halisi ya polisi wa Los Angeles, majina yakibadilishwa. Webb alivaa beji namba 714. Alipofariki mwaka 1982, polisi wa jiji hilo waliistaafisha namba hiyo, heshima anayopewa askari wa kweli.

Tukirudi kwa makaoboi, tamthilia ya Bonanza ilitoka kwa rangi tangu 1959, kwa kuwa kituo chake, NBC, kilimilikiwa na kampuni ya RCA, iliyotaka kuuza televisheni za rangi. Tamthilia nyingine ya kaoboi, Gunsmoke, ilibaki nyeusi na nyeupe hadi 1966. Zanzibar nayo, ilipofungua kituo chake cha televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilianza moja kwa moja na rangi.