Tabibu wa Nyumba Nzima na Tabibu wa Maradhi ya Ndani

Mgonjwa wa Kitengela hakosi mlango wa kubisha. Ukiishika barabara ya Namanga kutoka upande wa Athi River, tangu mji unapoanza mpaka maduka yanapokwisha na uwanda wa Kajiado kufunguka, utapita chini ya vibao vya kliniki visivyo na idadi, vingine juu ya duka la dawa, vingine ubavuni mwa kinyozi, na karibu vyote vikinadi kuwa daktari yupo. Lakini ni daktari wa namna gani, mwenye elimu ipi na kwa wagonjwa wepi, hiyo ni habari ambayo kibao hakiitoi, wala mgonjwa mwenye homa na haraka ya kurudi kazini haiulizi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliukuta mji huu na wakazi zaidi ya 154,000, wengi wao wahamiaji walioacha makwao jamaa pamoja na matabibu waliowazoea, na kwa hiyo kumchagua wa kumwendea kwanza ni shauri la takriban kila nyumba.

Aghalabu atakayekupokea ni afisa wa kliniki, mwenye stashahada, au daktari wa kawaida aliyesoma miaka sita chuoni na kutumikia mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, nao kwa maradhi mengi wanatosha. Juu yao wako mabingwa, na wawili kati yao ndio ambao watu huwachanganya: bingwa wa magonjwa ya ndani na bingwa wa tiba ya familia.

Wa kwanza ni tabibu wa watu wazima peke yao. Moyo, mapafu, figo, ini, damu, sukari na shinikizo la damu ndiyo milki yake, na humo huzama kwa kina. Lakini mtoto mchanga hamtibu, mwanamke hamzalishi, wala kisu cha upasuaji hakishiki. Wa pili elimu yake imetandazwa kwa upana: humtazama mtoto, mama mjamzito, kijana na mzee, na hapa Kenya, kwa kuwa alikusudiwa hospitali za mashambani, hufundishwa hata kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianza kuwafundisha mabingwa hawa mwaka 2005, na vyuo vya Aga Khan na Kabarak vikafuata. Masomo yenyewe ni ya miaka minne baada ya udaktari, na wahitimu wangali wachache mno kwa nchi yenye kaunti 47.

Jamaa zetu walioko Marekani hutuchanganya zaidi wanapotuhadithia kuwa daktari wao wa kila siku ni huyo wa magonjwa ya ndani. Wasema kweli, maana huko bingwa wa aina yoyote kati ya hawa wawili aweza kufungua mlango na kupokea wagonjwa wa kwanza, mmoja wakubwa tu na mwingine watu wa rika zote. Kwetu desturi ni nyingine: bingwa wa magonjwa ya ndani hukaa hospitali kubwa, na aghalabu hufikiwa na yule aliyekwisha kuonwa na mwingine, akaandikiwa barua ya rufaa.

Tuseme basi nyumba moja ya Kitengela ina mama mwenye mimba, mtoto ambaye meno yake yameingia madoa ya kahawia kwa floridi iliyozidi katika maji ya kisima kirefu, baba afanyaye kazi ya zamu kiwandani, na bibi mwenye presha aliyeletwa kutoka shamba. Kwa bingwa wa magonjwa ya ndani nusu ya nyumba hiyo hubaki nje ya mlango, ilhali kwa tabibu wa familia wote wanne huingia katika daftari moja, na anayeyaona meno ya mtoto atauliza mama mjamzito anakunywa maji gani.

Thamani ya tabibu anayekujua hudhihirika zaidi katika homa. Mwanamume atoka bomani upande wa Kajiado, homa yake huja na kwenda, usiku hutota jasho, kiuno na magoti vyamuuma. Ametibiwa malaria, ametibiwa homa ya matumbo, na fedha zimekwisha. Tabibu mwenye wasaa humuuliza kama hunywa maziwa mabichi, na kama katika zizi lake yuko mbuzi aliyetupa mimba hivi karibuni na ni nani aliyemshughulikia. Majibu hayo huelekeza kwenye bruselosisi, maradhi yanayotoka kwa mifugo, ambayo dawa zake hunywewa mbili pamoja kwa muda wa wiki sita. Kipimo cha haraka kinachotumika katika kliniki nyingi chaweza kukosea, na ndiyo maana maswali yale yana uzito. Na mgonjwa anayebadilisha kliniki kila wiki mbili huulizwa upya kila mara, au haulizwi kabisa, akaacha dawa mara tu homa inapotulia, nayo ikamrudia.

Sisemi kwamba bingwa wa magonjwa ya ndani ni wa kuepukwa. Mtu mzima mwenye kisukari, figo zinazodhoofika na moyo uliochoka kwa pamoja, ambaye dawa ya ugonjwa huu huudhuru ule, ana haki ya kuwa mikononi mwake, na ubahili wa kumnyima barua ni dhuluma. Ila kumkimbilia yeye kwa mafua, kwa kuwa tu ni daktari mkubwa, ni israfu, na mjini kwetu israfu hiyo imekuwa kama heshima.

Sheria nayo imekwisha kuelekea njia ya kuanza na tabibu wa karibu. Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi ya mwaka 2023 imekusudia zahanati na vituo vya afya viungane katika mitandao, pamoja na wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Na chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyoanza kazi Oktoba 2024 mahali pa mfuko wa zamani wa bima ya afya, NHIF, huduma za zahanati na vituo vya afya hulipiwa na mfuko wa serikali, na hospitali kwa bima. Pasipo na bingwa wa familia, na kwingi hayupo, mchague daktari wa kawaida au afisa wa kliniki mmoja na udumu naye, yeye ndiye akuandikie barua. Kabla ya hapo omba kuiona leseni yake ya mwaka huu: ya daktari hutolewa na Baraza la Madaktari, KMPDC, ambalo pia hutambua ubingwa, na ya afisa wa kliniki hutoka katika baraza lao wenyewe. Aliye halali haoni haya kuionyesha, na wengine huitundika ukutani karibu na dirisha la malipo.