Je, Wajua? Ukali wa Pilipili Unamlenga Nani

Je, wajua kwamba masultani wa Kilwa Kisiwani, katika enzi ya fahari yao, hawakuijua pilipili kichaa? Asili yake ni Amerika, na haikuvuka bahari kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alikuwa amekirimiwa Mogadishu wali wa samli pamoja na achari ya ndimu na ya pilipili. Pilipili hiyo ilikuwa ya jamii ya pilipili manga. Hii yetu ilisambazwa na Wareno, walewale walioivamia Kilwa mwaka 1505.

Wajua kwamba manga na kichaa si ndugu? Manga ni mmea unaotambaa juu ya miti, na kinachowasha ndani yake ni piperini. Kichaa ni wa ukoo wa nyanya na biringanya, na ukali wake ni kapsaisini.

Mbegu nazo zinasingiziwa ukali. Pasua pilipili mbuzi kwa urefu, utauona utando mweupe ulioshikilia mbegu. Kapsaisini hutengenezwa humo. Mbegu huwasha kwa kuwa zimegusana nao.

Wajua kwamba ulimi hauungui hata kidogo? Mwaka 1997 mwanasayansi David Julius na wenzake walikitambua kipokezi cha neva ambacho huamshwa na joto la kuanzia nyuzi 43 hivi, na pia na kapsaisini. Ubongo huletewa taarifa ya moto, nawe unatokwa jasho. Mwaka 2021 Julius alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian.

Ndege wanacho kipokezi hicho, ila chao hakisikii kapsaisini. Kuku ataokota pilipili mbivu uani kama anavyookota mtama. Panya husaga mbegu kwa meno zikafa. Tumboni mwa ndege hupita nzima, na ndiyo maana mche wa kichaa huchipua chini ya mwembe mahali ambapo hakuna aliyepanda. Mmea humfukuza mharibifu na kumkaribisha msambazaji.

Adui mkubwa zaidi huenda ni ukungu. Utafiti wa pilipili mwitu wa Bolivia, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba wadudu wa kufyonza hutoboa tunda, na ukungu wa Fusarium huingilia matundu hayo na kuua mbegu. Pilipili zenye kapsaisini zilistahimili kuliko zisizowasha. Kwangu mimi, hakuna ugunduzi unaozidi huu kwa uzuri katika habari nzima ya pilipili.

Mbona basi mashamba ya pilipili yanashambuliwa? Kwa sababu kapsaisini imo kwenye tunda, si kwenye jani. Geuza jani lililojikunja utazame upande wa chini: utakuta vidukari, inzi weupe, vithiripi au utitiri. Vidukari hueneza virusi, na mche ukishapata virusi hauponi, ung'oe mapema. Hata tundani wapo wasiojali ukali, kama kiwavi wa nondo mmoja mzaliwa wa Afrika. Akionekana kwenye mzigo uliofika Ulaya, mzigo wote unaweza kukataliwa.

Vipimo, kwa haraka: kipimo cha ukali cha Wilbur Scoville ni cha mwaka 1912. Kwa kipimo hicho, hoho ni 0, kichaa 50,000 hadi 100,000, mbuzi 100,000 hadi 350,000.

Ukali huo humfukuza hata tembo. Liwale na vijiji vya bara ya Kilwa vimepakana na maeneo ya tembo, ikiwemo Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019. Usiku mmoja wa tembo unatosha kummalizia mkulima mahindi ya mwaka. Kinga mojawapo inayotumika nchini ni pilipili ya unga iliyochanganywa na oili chafu, ikapakwa kwenye kamba za katani na vitambaa kuzunguka shamba. Mkonga wa tembo hauvumilii harufu ile. Lakini mvua huiosha, hivyo lazima ipakwe tena na tena, na hiyo ni gharama ambayo mkulima asiachiwe peke yake.

Na ukiwashwa wewe mwenyewe, maji hayazimi ukali, kwa kuwa kapsaisini haiyeyuki vizuri majini. Maziwa na mtindi husaidia. Protini ya maziwa huibandua kapsaisini ulimini. Mafuta nayo huiyeyusha, kwa hiyo mikono iliyokata pilipili isuguliwe kwanza kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni, kabla ya kumnawisha mtoto uso.