Uvujaji wa Mafuta ya Breki: Dalili, Chanzo na Tiba

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na makao yake makuu yakiwa Bariadi, ni nchi tambarare kwa sehemu kubwa. Gari liendalo kutoka Lamadi hadi Bariadi, kisha Maswa, halipati miteremko mirefu ya kuzipima breki zake. Kwa sababu hiyo breki iliyoanza kudhoofika yaweza kujificha kwa siku nyingi, mpaka kundi la ng'ombe livuke barabara ghafla na pedali izame hadi sakafuni. Aghalabu msiba wa namna hiyo hutokana na mafuta yaliyokuwa yakivuja tone kwa tone, ambayo yangaliweza kugunduliwa mapema.

Yafaa kwanza kufahamu jinsi breki inavyofanya kazi. Mwanasayansi Mfaransa Blaise Pascal (1623–1662) alionyesha kwamba kanieneo inayotiwa katika kiowevu kilichofungiwa husambaa sawasawa kila upande. Tuseme dereva anakanyaga pedali kwa kani ya nyutoni 300, na wenzo wa pedali unaizidisha mara 4. Pistoni ya masta silinda itasukumwa kwa nyutoni 1,200. Iwapo eneo la pistoni hiyo ni sentimita za mraba 3, kanieneo itakuwa nyutoni 400 kwa kila sentimita ya mraba. Mafuta huipeleka kanieneo hiyo hiyo kwenye magurudumu. Penye pistoni ya sentimita za mraba 6, kani itakuwa nyutoni 2,400.

Hesabu hii hutimia kwa sharti kwamba kiowevu kisibonyee wala kisitoroke. Mafuta yakipungua mno katika kopo lake, hewa huingia katika mabomba, na hewa hubonyea. Sentimita za ujazo 2 za hewa, zikikandamizwa kwa kanieneo tuliyoitaja, husinyaa hadi kiasi cha sehemu moja ya arobaini. Hivyo karibu sentimita za ujazo 2 za mafuta hutumika kujaza nafasi hiyo tu. Pistoni ya masta silinda husogea kama sentimita 0.65 bure, na mguu wa dereva, kwa sababu ya wenzo, hushuka zaidi ya sentimita 2.5 bila faida. Hii ndiyo sababu pedali huhisiwa laini kama sifongo.

Upungufu wa mafuta katika kopo hauna maana moja. Pedi zinapolika, pistoni za magurudumu hutokeza zaidi na kuchukua nafasi ya mafuta, hivyo kiwango hushuka polepole bila uvujaji wowote. Kwa hiyo pedi zitazamwe kwanza. Lakini kiwango kikishuka katika muda mfupi, pana uvujaji. Pedali ikizama taratibu huku mguu umetulia juu yake, wala hakuna tone linaloonekana nje, yawezekana mipira iliyo ndani ya masta silinda imechakaa, na mafuta yanapita ubavuni mwa pistoni.

Ili kupata mahali penye uvujaji, karatasi ngumu hutandikwa chini ya gari usiku kucha. Asubuhi hukaguliwa masta silinda, viungo vya mabomba, mipira inayoelekea magurudumuni, na upande wa ndani wa kila tairi. Matope meusi ya mbuga, yanatayo wakati wa mvua, hushika unyevu na kuozesha mabomba ya chuma. Sharti yaoshwe kabla ya ukaguzi. Mawe yarushwayo na matairi katika barabara za changarawe huweza kulichubua bomba. Vumbi nalo hupenya penye kifuniko cha mpira kilichopasuka na kukwaruza silinda.

Je, tone lililopatikana ni la breki au la injini? Mwanafunzi anaweza kulipima kwa maji. Mafuta mengi ya breki hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya glikoli, nayo huchanganyika na maji. Oili ya injini huelea juu. Jaribio lifanywe kwa glavu, kwani mafuta ya breki ni sumu na huharibu rangi ya gari.

Kuongeza mafuta kila siku si tiba. Mpira uliopasuka haufungwi kwa kamba ya tairi, wala bomba lililooza halizibwi kwa gundi. Kanieneo tuliyoikokotoa itavishinda vyote viwili. Kifaa kilichoharibika hubadilishwa. Pedi au viatu vya breki vilivyolowa mafuta hubadilishwa pia, magurudumu yote mawili ya ekseli, ili gari lisivute upande mmoja. Kutia maji badala ya mafuta huleta kutu na mvuke; kutia oili ya injini huvimbisha mipira ya mfumo wote.

Baada ya matengenezo hewa hutolewa. Mtu mmoja hukanyaga pedali na kuishikilia. Mwingine hulegeza skrubu ya kutolea hewa, huikaza, ndipo pedali iachiliwe. Kazi hii hurudiwa hadi mafuta yatoke bila mapovu. Kwa kawaida huanzwa gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, isipokuwa kitabu cha gari kikiagiza vingine, na kopo lisiachwe likauke. Mafuta yaliyotoka hayarudishwi. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani: yale ya daraja la DOT 3 yanapaswa kuchemka kwenye nyuzi za Selsiasi zisizopungua 205 yakiwa mapya, lakini yakishanyonya maji huweza kuchemka kwenye 140. Ndiyo maana chupa iliyokaa wazi dukani haifai.

Mwishowe pedali hukanyagwa kwa nguvu kwa dakika moja, injini ikiunguruma, na viungo vyote hukaguliwa tena. Pedali ikibaki imara na viungo vikiwa vikavu, gari lijaribiwe polepole mahali pa wazi kabla ya kupakia abiria. Lisilotimiza masharti hayo halipaswi kuondoka hapo kwa magurudumu yake. Na livutwe hadi kwa fundi.