Homa ya Pili

Homa kuu ya mafua ilipoingia Mombasa mwezi wa Septemba 1918, ilipanda bara kwa njia ya reli, ile ipitayo Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud, ikawakuta Wakamba wamedhoofishwa na ukame na njaa, na vijana wao wengi wamekwisha kuchukuliwa kuwa wapagazi wa vita. Miaka mingi baadaye, wataalamu walipochunguza vipande vya mapafu ya askari wa Marekani waliofariki katika msiba ule, walibaini jambo linalohusu kila nyumba ya Kitui na Makueni hata leo: aghalabu kilichoua si kirusi cha mafua peke yake, bali bakteria waliokifuata nyuma.

Njia ya pumzi imetandikwa vinyweleo visivyoonekana kwa macho, ambavyo usiku na mchana husukuma juu makohozi pamoja na vumbi na vijidudu. Kirusi huziharibu seli zenye vinyweleo hivyo na kuudhoofisha ulinzi wa mapafu, na hapo bakteria kama pneumokokasi, waliokuwa wakikaa puani na kooni bila ya kumdhuru mtu, hushuka kifuani pasipo kizuizi.

Ndipo ijapo homa ya pili. Mgonjwa amekwisha kupata nafuu, ameomba hata uji, mara hushikwa na baridi ya kutetemesha, kichomi ubavuni, na makohozi yenye rangi ya kutu. Naiogopa nafuu hii kuliko homa iliyoitangulia, kwa kuwa humpumbaza mlezi, hasa mwezi wa Julai, ukungu ufunikapo milima ya Mbooni na kila mtu akikohoa.

Mtoto na afunuliwe kifua akiwa ametulia, pumzi zihesabiwe dakika nzima: 50 au zaidi kwa mwenye miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi asiyetimiza 5, ni dalili ya nimonia, na sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani avutapo pumzi, hapana kungoja asubuhi, hata kwa mama wa Tseikuru au Mutha mwenye safari ndefu.

Antibiotiki haziui kirusi, na kuzimeza ovyo kwa kila mafua huwazoesha bakteria dawa. Lakini nimonia ikibainika, amoksilini, dawa isiyo ghali, huokoa wengi. Tangu 2011 watoto wa Kenya huchanjwa dhidi ya pneumokokasi wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Wazee wao hawakuipata chanjo hiyo utotoni, nao yafaa wapelekwe kwa tabibu siku ileile homa inaporudi.