Mathenge: Mradi Uliofaulu Kupita Kiasi

Kwenye nyanda za Njemps, kusini mwa Ziwa Baringo, si rahisi kumpata mtu wa kukuambia kwamba mradi wa mathenge ulishindwa. Ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ya Kenya ikisaidiwa na shirika la FAO, wakati ardhi ile ilikuwa imebaki kipara. Ukame ulikuwa umefuatana, mifugo ilikuwa mingi, vumbi lilitanda, na akina mama walitembea mwendo mrefu kutafuta kuni. Ukatafutwa mti wa kuvumilia jua na chumvi, unaokua haraka bila kubembelezwa. Ukapatikana mathenge, mti wa asili ya Amerika, Prosopis juliflora kwa jina la kitaalamu. Miche ikaoteshwa vitaluni, ikapandwa, ikazungushiwa ua ili mbuzi wasiitafune. Ikashika. Kuni zikapatikana, na ardhi iliyokuwa ikipeperushwa na upepo ikatulia. Mkaguzi ambaye angefika miaka ile na orodha ya malengo mkononi asingeona pa kulaumu.

Lakini orodha ile ilihesabu miti. Haikuhesabu njia ambazo mti ungezipita ukishakomaa, na ya kwanza ilipita tumboni mwa mbuzi yuleyule aliyezuiwa na ua. Maganda ya mathenge ni matamu. Mbuzi na ng'ombe huyala, mbegu zake ngumu hupita bila kusagika, kisha huangukia mbali zikiwa ndani ya samadi, tayari kuota. Mfugaji aliyehama kufuata malisho akawa anazihamisha na mbegu. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikazisomba zaidi kando ya mito na mabonde. Watafiti waliolinganisha picha za setilaiti walikuta kwamba hekta zisizofika 900 zilizokuwa na mathenge Baringo mwaka 1988 zilikaribia 19,000 kufikia 2016.

Na si hekta za popote. Mathenge hupenda penye maji chini, na hapo ndipo jamii ya Ilchamus hukimbilia kiangazi kikikaza: kingo za ziwa, madimbwi, mabwawa ya nyasi. Mtu akitazama ramani ataona sehemu ndogo tu ya wilaya ya zamani ya Baringo imefunikwa. Mfugaji anaona ile sehemu moja iliyokuwa ikimvusha mwaka mbaya imezibwa na kichaka cha miiba, wala chini yake hakuna nyasi. Hapo ndipo udhaifu wa mfumo ulipojificha, mahali padogo pasipoonekana muhimu hadi mvua ikose.

Kisha yakaja meno. Sukari ya maganda hung'ang'ania meno ya mbuzi, yanaoza, yanang'oka, na mnyama anakonda malisho yakiwa mbele yake. Mwaka 2006 wakazi walipoishtaki serikali, walimpeleka mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno. Wapo waliocheka walipoiona habari ile. Mimi naamini ulikuwa ushahidi uliokamilika kuliko tathmini yoyote iliyoandikwa juu ya mradi huo: ndani ya kinywa kimoja mlikuwa na mti, malisho, maziwa ya watoto na karo ya shule. Miaka miwili baadaye mathenge ikatangazwa rasmi kuwa gugu hatari.

Dawa nayo ikazaa mambo yake. Watu walihimizwa wakate mathenge wachome makaa, wazo zuri kwa sababu makaa yake ni mazito na yana soko. Ila mti ukikatwa juu ya ardhi kisiki huchipua mashina mengi, na kichaka kinarudi kikiwa kinene kuliko mwanzo. Halafu zipo familia zilizopoteza mifugo ambazo sasa hula kwa makaa hayo. Kwao, kuumaliza mti ni kujikata mkono. Jirani mwenye ng'ombe anataka ung'olewe hata kesho. Ofisa anayekuja kuuliza "jamii inataka nini" atapata majibu mawili, yote ya kweli, pengine kutoka boma moja. Hata mbu wana hisa humo: utafiti uliofanywa nchini Mali na kutangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba maua ya mti huu huwalisha mbu wa malaria, na yalipoondolewa vijijini mbu walipungua sana.

Kuung'oa inavyopasa kunawezekana. Unachimba mpaka chini ya kiungo cha shina na mizizi, unapanda nyasi, unazuia mifugo kwa muda, kisha unarudi kila msimu kutoa miche mipya, maana mbegu hukaa udongoni miaka mingi. Kusaga maganda kuwa chakula cha mifugo husaidia pia, kwani mbegu hufa kinuni. Yote hayo yanadai muda mrefu kuliko umri wa kawaida wa mradi, na kwenye ardhi ya pamoja yanadai makubaliano ya nani alinde nyasi zikiota na nani alishe kwanza.

Ndiyo maana ningetaka kila andiko la mradi wa aina hii lianze na ukurasa wa kurudi nyuma: tukikosea, nani atachimba, kwa miaka mingapi, na atalipwa na nani mfadhili akishaondoka. Baringo swali hilo linajibiwa kwa majembe na mapanga, na wengi wanaolijibu walikuwa hawajazaliwa miche ya kwanza ilipotolewa kitaluni.