Kabla Hujakopa, Uliza Kama Kuna Pesa Zisizorudishwa

Karo, sare, viatu, godoro la bweni. Mtoto akipata barua ya kujiunga na sekondari, wiki moja inaweza kumaliza pesa za miezi miwili. Wengi hukimbilia simu na kukopa. Mkopo wa simu una kazi yake, lakini piga hesabu kwanza: ukikopa 5,000 kwa ada ya asilimia 8 kwa mwezi, utarudisha 5,400. Ukikwama na kukopa kwingine ili ulipe huu, hapo ndipo shida huanzia.

Kwa hivyo, ingawa kazi yetu ni pesa za simu, tunakuomba upitie kwa chifu kwanza.

Kuna basari za eneo bunge na za kaunti. Beba barua ya shule inayoonyesha karo, ripoti ya mtoto, nakala ya kitambulisho chako, na cheti cha kifo kama mzazi mmoja ameaga. Uliza mapema, kwa sababu fomu huwa na siku ya mwisho na haziji kukutafuta nyumbani. Huenda basari isimalize karo yote, lakini inapunguza ule mkopo ulitaka kuchukua.

Jambo moja watu wengi hawalijui: basari ikipita, pesa hulipwa shule moja kwa moja. Hazipitii kwa simu yako. Basi ukipata SMS inayosema, "Basari ya mtoto wako imepita, tuma 550 ya usajili," huyo ni mwizi. Usibishane naye, wala usimpigie.

Inua Jamii ni tofauti, hiyo humfikia mtu mwenyewe. Serikali hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, familia zinazolea mayatima, na watu wenye ulemavu mkubwa. Wakati mwingine pesa hukawia, halafu huja za miezi kadhaa kwa pamoja, kwa hivyo usiziwekee ahadi ya kodi ya nyumba. Ni kidogo, ndiyo, lakini ni unga na dawa za presha. Usajili huanzia kwa chifu au ofisi ya maendeleo ya jamii.

Hapa tuseme ukweli. Nyumba nyingi, shosho anatumia laini ya mjukuu. Mjukuu akienda kutafuta kazi mjini, laini inaenda naye, na pesa za shosho pia. Msajilie laini yake kwa kitambulisho chake mwenyewe. PIN asiiandike kwenye karatasi nyuma ya kava ya simu, na asimtajie wakala "amsaidie kubonyeza". Kama hawezi kabisa kujisimamia, ombeni ofisi imwandikishe mlezi anayetambulika, siyo mtu wa kuaminiana tu.

Je, kama tayari umemtumia tapeli? Piga simu kwa huduma kwa wateja hapo hapo, ukiwa na ule ujumbe wa muamala, kisha uripoti polisi. Kama bado hajazitoa, kuna nafasi ya kuzizuia. Usione haya, na usingoje kesho, maana zikishatolewa kwa wakala ni vigumu sana kuzirudisha.