Masomo kwa Madereva Waliohukumiwa kwa Ulevi

Wakulima wengi wa skimu za Borabu, kuanzia Nyansiongo hata Kijauri, siku hizi wana vyombo vyao vya moto. Huyu ana pikipiki ya kupelekea maziwa, yule ana pikapu, na mwingine ana trekta ambayo majirani huikodi wakati wa kulima. Huko Kebirigo nako, penye kiwanda cha majani chai, malori na pikipiki hupita mchana kutwa. Basi jambo la pombe na usukani si la watu wa mjini peke yao, na tumeona vema kulieleza.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, kifungu cha 44, yasema kwamba mtu anayeendesha chombo cha moto barabarani, hali amelewa hata hawezi kukitawala sawasawa, ana hatia. Adhabu yake ni faini isiyozidi Shs. 100,000/-, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Tena hunyimwa leseni kwa miezi 12, na kama alifungwa, miezi hiyo huhesabiwa tangu siku ya kutoka gerezani. Angalieni kwamba sheria haisemi motokaa tu. Pikipiki imo, na trekta ikiwa njiani imo.

Mwenye ng'ombe wawili wa maziwa akitozwa faini kubwa namna hiyo, huenda akawauza wote wawili, na pikipiki ikalala nyumbani mwaka mzima. Adhabu hiyo ni kali, na ni haki iwe kali, maana anayegongwa njiani mara nyingi ni mtoto wa shule au mama mwenye mzigo. Lakini je, mwaka ukiisha mtu huyo atakuwa amejifunza nini?

Huko Uingereza walijiuliza swali hilo hilo. Mwaka 1993 walianza kwa majaribio kuwapeleka darasani madereva waliohukumiwa kwa ulevi, na kuanzia mwaka 2000 mpango huo ukaenea katika nchi yote. Mtu aliyenyimwa leseni kwa miezi 12 au zaidi aweza kupewa nafasi hiyo na mahakama siku ya hukumu. Halazimishwi. Akikubali hulipa ada mwenyewe, naye hukaa darasani saa 16 au zaidi, zilizogawanywa katika siku kadhaa. Akimaliza vizuri, hupunguziwa hata robo ya muda wake, yaani yule wa miezi 12 hurudishiwa leseni baada ya miezi 9. Wachunguzi walipowafuatilia watu wa majaribio yale, waliona kwamba waliosoma walirudia kosa mara chache kuliko wale wasiosoma.

Wanafunzwa nini? Hawaambiwi waache pombe. Wanafunzwa kutenga kunywa na kuendesha, na kwanza kabisa hufunzwa hesabu ambayo wengi wetu hatuijui. Chupa moja ya bia ya nusu lita, yenye nguvu ya asilimia 5, ina vipimo 2 na nusu vya pombe kwa hesabu ya Waingereza. Mwili wa mtu mzima huondoa karibu kipimo kimoja kwa saa moja, wala hauharakishwi. Kahawa haiuharakishi, supu haiuharakishi, wala kuoga maji baridi. Sasa mtu aliyekunywa chupa 4 arusini, akaweka chini ya mwisho saa tano ya usiku, ana vipimo 10 vya kuondoa. Huenda pombe isimwishe mpaka kama saa tatu ya asubuhi. Naye saa kumi na mbili amekwisha kukamua, amefunga makopo ya maziwa kwenye pikipiki na kushika njia, akijiona mzima kwa sababu amelala!

Na hiyo ni bia ya chupa, ambayo nguvu yake imeandikwa. Busaa ya chunguni haina maandishi, na chang'aa ndiyo zaidi. Anayekunywa hizo hana njia ya kuhesabu.

Kwetu Sheria ya Trafiki haina darasa la namna hiyo. Ipo Sheria ya Kazi za Jamii ya mwaka 1998, ambayo kwayo hakimu aweza kumtoa mtu gerezani akafanye kazi ya umma bila malipo. Tena Sheria ya Vileo ya mwaka 2010 yataja kwamba mtu anayehukumiwa kwa ulevi mara nyingi katika mwaka mmoja apelekwe hospitali ya Serikali kurekebishwa, kwa gharama yake mwenyewe. Lakini huyo ni mlevi wa kila siku. Dereva wa mara moja, ambaye angefaidika na siku tatu za kufundishwa, hapati kitu. Kwa maoni yetu Waingereza wamewaza vema katika jambo hili, na kazi hiyo maafisa wetu wa probesheni wangeiweza.

Kwa sasa mkulima aweza kulichukua somo lenyewe bila kungoja kuhukumiwa. Ukialikwa arusi, pikipiki na ibaki nyumbani, na kabla ya kutoka zungumza na jirani asiyekunywa akupelekee maziwa kesho yake. Nawe umpelekee yake zamu yake ya sherehe ikifika.